Meno Sita ya Mzee Onyango

Babu yangu mzaa baba alipofariki, chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la bati. Baada ya matanga, watu walipokuwa wakisafisha nyumba, sanduku likafunguliwa. Ndani mlikuwa na makaratasi tu: risiti za kodi, barua, picha mbili zilizoliwa na mchwa, na kijitabu ambacho jalada lake lilikuwa limechanika. Sanduku lenyewe lilikuwa bado zima, kwa hiyo shangazi mmoja akalichukua akawekee unga. Makaratasi yakapelekwa jikoni. Yaliwasha moto wa chai kwa siku tatu hivi.

Mimi ndiye niliyeyabeba. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimetumwa, nikatii. Leo kazi yangu ni kuuliza watu maswali na kutafuta makaratasi, na kila nikikumbuka zile siku tatu za chai moyo unaniuma. Babu alifanya kazi Nairobi miaka mingi kabla ya uhuru. Kwa nani? Kwa mshahara gani? Baba hajui. Shangazi hajui. Waliokuwa wakijua ni babu na yale makaratasi, na wote hawapo.

Ndiyo maana leo nataka tumzungumzie mzee mwingine wa kijijini, ambaye kijitabu chake hakikuchomwa. Jina lake mnalijua, au tuseme mnalijua nusu: Hussein Onyango Obama.

Subiri kwanza, msomaji, usikimbie. Najua habari za Kogelo zimesimuliwa mpaka zimechosha. Tarehe 6 Novemba 2008 Rais Kibaki aliifanya kuwa siku ya mapumziko nchi nzima, na sisi wa darasa la tano tukashinda nyumbani tukishangilia ushindi wa mtu ambaye hatukuwahi kumwona. Lakini ile ilikuwa hadithi ya mjukuu. Mimi nataka ya babu. Tena si kwa sababu ya ukubwa wa mjukuu wake. Ni kwa sababu maisha ya mzee huyu yanafanana sana na ya babu zetu wengi: alitoka kijijini, akaenda Nairobi kwa miguu, akawapikia Wazungu, akarudi nyumbani kulima na kuzikwa. Tofauti ni kwamba yeye kuna watu waliomtafuta.

Kijitabu

Mwaka 1988 Barack Obama, wakati huo kijana asiyejulikana na mtu, alikuja Kenya kwa mara ya kwanza kuwatafuta jamaa za baba yake. Alifika Alego, Siaya, kwenye boma la Mama Sarah, mjane wa Onyango. Mama Sarah alikuwa ametunza makaratasi ya mzee, na katika makaratasi hayo mlikuwa na kijitabu kidogo. Mjukuu alikuja kueleza yaliyomo katika kitabu chake cha mwaka 1995, Dreams from My Father.

Kijitabu kile kilitolewa chini ya sheria ya mwaka 1928 ya kuwaandikisha watumishi wa nyumbani. Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kuwa na karatasi yenye jina lake, alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara wake. Wengi waliitia kwenye kikopo cha chuma na kuining'iniza shingoni. Mwajiri asipotia sahihi kwamba umeacha kazi kwa ruhusa, wewe ni mtoro, na polisi wanakutafuta.

Kwa maboi na wapishi hiyo haikutosha. Hawa waliingia ndani ya nyumba ya Mzungu, wakashika chakula chake na watoto wake. Kwa hiyo wakaongezewa kijitabu chenye kurasa ambazo kila mwajiri aliandika maoni yake. Ukienda kuomba kazi, bwana mpya anafungua kwanza, anasoma wenzake walisema nini.

Ukurasa wa mbele unaeleza mwili. Onyango, Mjaluo, makazi yake Kisumu, umri miaka 35. Urefu futi sita. Ngozi nyeusi. Pua bapa. Mdomo mkubwa. Ni kama maelezo ya ng'ombe mnadani, lakini tuvumilie, kwa sababu kitu muhimu kinafuata. Kwenye nafasi ya meno, karani ameandika kwamba sita hayapo. Chini yake kuna nafasi ya makovu na alama za kabila. Hapo ameandika kwamba hakuna.

Niliposoma hapo mara ya kwanza nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.

Wale kati yenu mliotoka Nyanza mmeshaelewa. Zamani kijana wa Kijaluo alipofikia umri fulani aling'olewa meno sita ya mbele, ya chini. Desturi hiyo iliitwa nak. Majirani wengine walitahiri, Wajaluo waling'oa meno. Ilikuwa ndiyo njia ya kuacha utoto. Ulikaa kimya, ukavumilia maumivu, ukainuka mtu mzima, na tangu siku hiyo yeyote aliyekuona ukicheka alijua wewe ni wa wapi.

Basi karani yule alikuwa na alama ya kabila mbele ya macho yake. Aliihesabu kabisa, moja mpaka sita, akaiandika kuwa kasoro ya mwili. Mstari uliofuata akaandika kwamba alama haipo. Hakusema uongo. Hakujua anachokitazama, na aliyejua, yaani mwenye meno, hakuulizwa.

Nadhani hapo ndipo kazi yote ya kumtafuta mzee wa kijijini ilipo. Karatasi bila watu wa nyumbani haisomeki vizuri. Tutaona pia kwamba watu wa nyumbani bila karatasi nao wanapotea njia.

Kurasa za ndani zina maoni ya waajiri. Wengi wanamsifu, kwamba anapika vizuri na anafanya kazi kwa bidii. Mmoja alikaa naye wiki moja tu, akaandika kwamba hafai na hastahili hata kidogo shilingi 60 kwa mwezi. Mwandishi wa habari akisoma maneno hayo anajiuliza mara moja: nini kilitokea ndani ya wiki ile? Labda chakula kiliungua. Labda Onyango, ambaye jamaa zake wote wanamkumbuka kuwa mkali na asiyependa mchezo, alijibu jambo ambalo boi hakutakiwa kujibu. Hatutapata jibu kwenye kijitabu. Onyango alijua kusoma na kuandika, lakini kijitabu hakikuwa na ukurasa wa mpishi kuandika maoni yake kuhusu bwana.

Alizaliwa lini?

Swali rahisi, sivyo? Basi lisikilize. Tarehe zinazotolewa kwa kawaida kumhusu ni mbili. Moja inasema aliishi kuanzia 1870 hadi 1975. Nyingine inasema alizaliwa karibu na 1895 na kufariki 1979. Tofauti ya kuzaliwa peke yake ni miaka 25!

Jina halitusaidii mwaka, linatusaidia saa tu. Onyango ni mtoto aliyezaliwa asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Alikuwa mwana wa tano wa Nyaoke, na Nyaoke alikuwa mke wa kwanza kati ya wake watano wa mzee Obama, huko Kendu, kusini mwa Ghuba ya Winam. Cheti cha kuzaliwa hakuna. Hata Kenya yenyewe haikuwepo. Sehemu ile ilihesabiwa kuwa ya Uganda mpaka mwaka 1902, na jina Kenya lilipewa koloni mwaka 1920.

Kwa hiyo tunafanya walivyokuwa wakifanya wazee wetu: tunapima umri kwa matukio. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Wamisionari Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu, mwaka 1906. Kama Onyango alizaliwa 1870, alikuwa mtu mzima wa miaka 36 wamisionari walipofungua mlango, na mtu wa umri huo hakuwa wa kukaa chini na watoto kujifunza herufi. Kama alizaliwa 1895, alikuwa mvulana wa miaka 11, umri hasa wa kuvutiwa na vitu vigeni.

Tuendelee. Familia inasema katika Vita vya Pili vya Dunia alisafiri na jeshi la King's African Rifles akiwa mpishi wa ofisa Mwingereza, akafika mpaka Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana huko mwaka 1944. Mtu wa 1870 angekuwa na miaka 74. Jeshi gani linampeleka mzee wa miaka 74 kwenye misitu ya Burma kumpikia kapteni? Mtu wa 1895 angekuwa na miaka 49. Ni mkubwa, lakini kwa mpishi inawezekana.

Na kijitabu chetu? Sheria ni ya 1928. Kikikadiriwa kuwa cha karibu na 1930, mtu wa miaka 35 alizaliwa karibu na 1895. Hapo karatasi na masimulizi vinakutana. Mwaka 1870, nadhani, ulitokana na heshima. Watu wetu wanapenda mzee wao awe ameishi zaidi ya miaka mia moja. Mimi mwenyewe nimekua nikiambiwa babu yake baba yangu alifika miaka 115. Sasa nina wasiwasi.

Suruali

Yapo mambo ambayo hakuna karatasi ingeweza kutuambia. Mama Sarah alisimulia kwamba Onyango tangu utotoni alikuwa hatulii. Siku moja akaondoka, akapotea kwa miezi, na aliporudi alikuwa amevaa suruali, shati na viatu. Kijijini watu wakaogopa. Zikazuka fununu kwamba ametahiriwa, jambo lililokuwa mwiko kwa Wajaluo, na kwamba anaficha kidonda ndani ya zile nguo. Baba yake akamtenga. Kijana akageuka akarudi kwa Wazungu.

Hebu mwangalie vizuri. Mdomoni ana pengo la meno sita linalosema ni Mjaluo. Mwilini ana nguo zinazowafanya Wajaluo wenzake waseme si mwenzao tena. Nairobi karani anaandika hana alama. Nyumbani wanasema ana kovu la siri. Wote wawili wamekosea, na yeye yuko katikati, anaendelea kupika.

Vita vya Kwanza vilipokuja, familia inasema, alisimamia vibarua wa barabara na akafika Tanganyika. Vita hivyo ndivyo vilivyotuachia majina ya Kariokor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam, kutokana na kikosi cha wapagazi. Jamaa zake wanasema pia aliishi Zanzibar, akauacha Ukristo, akaingia Uislamu na kujiongezea jina la Hussein. Kwa mtoto wa Kendu wa wakati ule, hiyo ni safari ndefu kuliko ya Burma.

Akina mama

Haya, sasa nije kwenye jambo linalonikera katika historia zetu za ukoo. Ukikaa na wazee watakuhesabia: fulani alimzaa fulani, naye akamzaa fulani, vizazi kumi bila kusita. Wote wanaume! Ungedhani wanaume walizaana wenyewe kwa wenyewe.

Onyango alioa zaidi ya mara moja, na majina matatu yanajulikana vizuri: Helima, Akumu na Sarah. Helima hakupata mtoto. Akumu Habiba ndiye aliyemzaa Barack, baba yake Rais, katikati ya miaka ya 1930. Sarah, mke mdogo, ndiye aliyewalea watoto wa Akumu na ndiye dunia nzima iliyemjua kama nyanya yake Obama, mpaka alipofariki Kisumu Machi 2021 akiwa na miaka 99.

Kwa nini watoto wa Akumu walilelewa na Sarah? Kwa sababu Akumu aliondoka. Aligombana na mumewe kwa miaka, akakimbia mara kwa mara, mwisho akaenda moja kwa moja na kuwaacha watoto. Hayo tunayajua. Lakini tunayajua kutoka kwa nani? Kwa sehemu kubwa kutoka kwa Mama Sarah. Yaani tunayapata kutoka kwa mke mwenza, aliyebaki na boma, watoto na makaratasi. Na mjukuu aliyapata kwa Kijaluo, dada yake Auma akimtafsiria.

Simtuhumu Mama Sarah. Bila yeye tusingekuwa na chochote, na alivumilia maswali ya kila mwandishi aliyeshuka Kogelo. Nasema tu kwamba nilipokuwa nikifundishwa uandishi niliambiwa nimsikilize na mtu wa upande wa pili. Katika hadithi hii mtu wa upande wa pili ni Akumu, na hakuna aliyemwekea Akumu kijitabu. Damu ya Rais wa Marekani ilipita kwake, lakini waliopanga foleni kupiga picha Kogelo walikuwa nyumbani kwa mke mwenzake.

Mwaka 1949

Kuna jambo zito zaidi. Familia inasema mwaka 1949 Waingereza walimkamata Onyango kwa tuhuma za siasa. Kitabu cha mjukuu cha 1995 kinasema alizuiliwa zaidi ya miezi sita, akaonekana hana hatia, akarudi amedhoofika. Desemba 2008 Mama Sarah aliliambia gazeti moja la Uingereza kwamba ilikuwa miaka miwili, na kwamba alipigwa na kuteswa. Magazeti mengi yakaandika kwamba babu yake Obama aliteswa wakati wa Mau Mau.

Hapo mwandishi anatakiwa kusimama. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, miaka mitatu baadaye, na vita vile vilikuwa hasa Ukikuyuni na maeneo jirani, si Nyanza. Mwaka 2012 mwandishi Mmarekani David Maraniss, katika kitabu chake kuhusu maisha ya Obama, aliandika kwamba watu watano waliomjua Onyango kwa karibu walitilia shaka habari hiyo au waliikataa kabisa.

Basi ni uongo? Ingekuwa rahisi kusema hivyo kama Waingereza wangekuwa wametuachia majalada yote. Hawakutuachia. Mengine yaliteketezwa walipokuwa wakifungasha, mengine yakabebwa kisirisiri mpaka Hanslope Park, Uingereza, na serikali yao ilikiri mwaka 2011 tu. Kwa majalada hayo na ushahidi wa wazee waliokuwa bado hai, mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa. Kwa miaka mingi wazee wale nao waliambiwa hakuna ushahidi.

Kwa hiyo mimi ningeandika hivi: Mama Sarah alisema, mwaka fulani, kwa fulani. Wengine walikanusha, mwaka fulani, kwa fulani. Karatasi ya kuzuiliwa kwake haijaonekana. Najua haishibishi. Lakini mtoto wako akija kuisoma miaka hamsini baadaye atajua aanzie wapi, na hatakuwa amerithi uhakika ambao wewe mwenyewe hukuwa nao.

Kwa nini Kogelo?

Onyango alizaliwa Kendu lakini kaburi lake liko Kogelo, ng'ambo ya ghuba, pamoja na la mwanawe aliyefariki kwa ajali ya gari Nairobi mwaka 1982. Ukidhani alihamia ugenini, sikiliza jina la mahali penyewe: K'Ogelo, yaani kwa Ogelo. Ogelo ni mmoja wa mababu waliotajwa na Mama Sarah alipokuwa akimhesabia mjukuu ukoo. Watu wao walikuwa wameondoka Alego kwenda Kendu vizazi kadhaa nyuma. Mpishi alipochoka na majirani wa Kendu, alirudi kwenye ardhi ya babu zake. Alijuaje kwamba ni yao? Hakuwa na hati. Alikuwa na ile orodha ya majina, fulani alimzaa fulani, niliyoilalamikia hapo juu. Orodha ile, pamoja na upungufu wake wote, ilimpa shamba.

Narudi kwetu

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani Vihiga nikiwa na simu yenye chaji na daftari. Nilimtafuta dada yake babu, ambaye ndiye pekee aliyebaki wa rika lile. Nilimuuliza babu alirudi mwaka gani kutoka Nairobi. Akanijibu kwamba yeye hajui miaka. Nikabadilisha swali: alirudi na nini?

Akacheka. Alirudi na baiskeli, akasema, lakini hakuipanda, aliibeba begani, kwa sababu ulikuwa ule mwaka wa mvua kubwa, barabara zote zilikuwa matope na mto ulikuwa umebeba madaraja. Mvua kubwa za kabla ya uhuru, zile zilizofurisha ziwa, ni za mwishoni mwa 1961. Kwa hiyo sasa ninao mwaka mmoja wa babu yangu. Ni mmoja tu, nimeupata kwa baiskeli.

Nikamuuliza pia mama yake babu aliitwa nani. Akanyamaza, akanitazama, akasema hakuna aliyewahi kumuuliza. Kisha akalitaja, na la mama wa huyo mama pia. Nimeyaandika yote mawili, na tarehe, na jina la aliyeniambia.

Kama kwenu kuna sanduku la bati chini ya kitanda, tafadhali lifungue kabla ya matanga. Na unga uwekewe ndoo.